TV Tropes: Ghala la Mbinu za Hadithi Lililojaa Majina na Kupungukiwa Mizani

Mtu aliyesoma hadithi nyingi, au aliyecheza michezo mingi ya video, hufika mahali akaanza kuyaona mambo kabla hayajatokea: mwalimu mzee mwenye hekima atakufa kabla ya pambano la mwisho, askari anayewaonyesha wenzake picha ya mchumba wake hatarudi nyumbani, na mlango unaotanguliwa na chumba kilichojaa risasi na dawa una adui mkuu nyuma yake. Kuyatambua mambo hayo si kazi kubwa. Kazi ni kulipa kila moja jina ambalo watu wawili wanaweza kulitumia huku wakijua kwamba wanazungumzia kitu kimoja. Tovuti ya TV Tropes, iliyoanzishwa mwaka 2004, imejitwika kazi hiyo, nami naipima hapa kama huduma nyingine yoyote: inampa nini msomaji, mwandishi na mtunzi wa michezo, na wapi inamwacha njiani.

Ilianza kwa mashabiki wa tamthilia moja ya televisheni ya Kimarekani, ile ya msichana anayewinda wanyonya damu, waliotaka kuorodhesha mbinu ambazo waandishi wa televisheni huzirudia wiki baada ya wiki. Haikukaa sana humo; ilipanuka ikaingia katika riwaya, filamu, katuni za Kijapani, mieleka, ngano za kale na michezo ya video, hata jina lake lenye kutaja televisheni likabaki kama kumbukumbu tu ya ilikotoka. Mwaka 2014 iliuzwa kwa wamiliki wapya. Makala zake huandikwa na watu wa kujitolea, na kuzisoma hakuhitaji malipo, ingawa msomaji hulipa kwa njia nyingine, yaani kwa kuvumilia matangazo na kwa muda wake. Viungo vimepandwa karibu katika kila sentensi, na aliyeingia kutafuta jambo moja hujikuta amefungua kurasa nyingi ambazo hakuzikusudia. Tovuti yenyewe inalijua hilo na ina ukurasa unaomtahadharisha msomaji kwamba itamharibia maisha; ni utani, lakini mwenye bando dogo na auchukulie kwa uzito.

Umbo la makala ni rahisi. Juu kuna jina la mbinu, kisha maelezo ya namna inavyofanya kazi na aina zake ndogo, halafu mifano iliyopangwa kwa vyombo: katuni, filamu, fasihi, televisheni, michezo ya video, na mara nyingine hata maisha halisi. Palipo na siri ya kisa, maandishi hufichwa mpaka msomaji atake mwenyewe kuyafunua, jambo ambalo ni la kiungwana, ingawa kwa riwaya ambayo hujaisoma ni salama zaidi kutoigusa kabisa, kwa sababu kule kuiona tu imetajwa chini ya mbinu ya msaliti aliyejificha kumeshakwambia kwamba msaliti yumo. Mambo yanayotegemea hisia za mtazamaji, kama vile mhusika anayechukiwa na mashabiki wote, yamewekwa katika ukurasa wake wa pembeni ili yasichanganyike na yale yanayoweza kuonyeshwa kwa ushahidi wa maandishi. Utenganisho huo ni wa busara kuliko unavyoonekana, kwani bila huo kila makala ingegeuka uwanja wa mabishano.

Kilicho bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni ukurasa wa pembeni unaoonyesha namna mbinu moja inavyoweza kuchezewa. Chukua mama wa kambo katili, ambaye hakuna msomaji wa Kiswahili asiyemjua. Mbinu ikitumiwa kama ilivyozoeleka, mama anamnyima mtoto chakula na kumtwisha kazi zote za nyumbani. Ikigeuzwa, mtoto ndiye anayemtesa mama wa kambo mpaka mama anakimbia nyumba. Ikipindwa, msomaji anaonyeshwa dalili zote za ukatili, kumbe mama alikuwa anamficha mtoto asichukuliwe na watu wabaya. Ikiepukwa, mama wa kambo yumo katika hadithi na ukambo wake hauna uzito wowote. Ikichambuliwa hadi mzizini, hadithi inamfuata mama huyo na kuuliza ni maisha gani yaliyomfikisha hapo, mume ambaye hayupo nyumbani, jamaa wanaomlinganisha kila siku na marehemu, na mtoto ambaye sura yake inamkumbusha kwamba yeye ni wa pili. Mfano huu ni wangu, lakini ngazi hizo ni za tovuti, na sijaona chombo kingine cha bure kinachomfundisha mwandishi chipukizi kwa uwazi namna hiyo kwamba mbinu iliyozoeleka si dhambi, bali ni malighafi. Tovuti inalisisitiza jambo hilo mahali pengi: mbinu ni zana, na kuwepo kwake katika kazi si lawama.

Majina yenyewe yana viwango tofauti mno. Yapo yaliyorithiwa kutoka kwa watu wanaojulikana, nayo huwa imara. Bunduki ya Chekhov inatokana na ushauri ambao mwandishi huyo wa Urusi aliuandika katika barua ya mwaka 1889, kwamba isiwekwe jukwaani bunduki iliyojaa risasi iwapo hakuna anayekusudia kuifyatua. Aliyesikia jina mara moja anaielewa kanuni yote. Mwaka 1999 mwandishi wa katuni Gail Simone alitoa orodha ya wanawake katika katuni za mashujaa waliouawa, kujeruhiwa au kuporwa nguvu zao, na orodha hiyo ikaitwa kwa kisa cha 1994 ambamo shujaa anaikuta maiti ya mpenzi wake ndani ya jokofu. TV Tropes ililichukua jokofu hilo na kulifanya jina la mbinu yoyote ambamo mtu anauawa ili tu shujaa apate uchungu wa kumsukuma mbele. Jina hilo lilifanya kazi ambayo insha ndefu zisingeiweza: mtu akishalijua, hawezi tena kukitazama kifo cha namna hiyo bila kujiuliza marehemu alikuwa na hadithi gani yake mwenyewe.

Yapo pia majina ya mzaha wa ndani, ambayo msomaji hawezi kuyafumbua bila kuwa amekitazama kipindi fulani cha Kimarekani cha miaka ya nyuma. Wachangiaji wamelitambua tatizo hilo, na kwa miaka kadhaa wamekuwa wakiyabadilisha majina yaliyotokana na wahusika wa kipindi kimoja ili yaeleweke na watu wengi. Kazi hiyo bado haijakamilika. Tatizo la pili ni kugawa kupita kiasi. Kutoka katika bunduki ya Chekhov wametoa makala ya mtu aliyetajwa mapema akaja kuwa muhimu baadaye, ya ujuzi uliotajwa mapema, na ya ghala zima la silaha pale hadithi inapokuwa na vitu vingi vya namna hiyo, na orodha inaendelea. Mbili za kwanza zinamsaidia mwandishi. Baada ya hapo ninaona raha ya kuhesabu kuliko haja ya kuelewa.

Watoto wa vibanda vya video hawakuingoja tovuti yoyote. Wao walikuwa na kanuni yao: steringi hafi. Kwa maneno mawili walitaja mhusika, walitaja sheria, na walimtuliza mwenzao aliyeanza kulia pale shujaa alipotumbukia mtoni na farasi wake. TV Tropes huliita jambo hilohilo deraya ya kisa, yaani kinga ambayo mhusika mkuu amevishwa na hadithi yenyewe. Kwa jina, nawapa ushindi watoto wa kibandani. Kwa maelezo, tovuti inawazidi, kwa sababu inaendelea pale walipoishia: inaonyesha kwamba mtazamaji akishajua steringi hafi, hofu inapungua, na kwa hiyo mwandishi hulazimika kumuua rafiki wa steringi, au mwalimu wake, ili hatari iaminike tena. Hapo mbinu mbili zinaunganishwa kwa sababu na matokeo. Makala zinazofanya hivyo ndizo zinazostahili kusomwa.

Upande wa michezo ya video ndiko ninakoiona huduma hii ikiwa haina mshindani wa karibu, kwa kuwa huko mbinu za hadithi na mbinu za ufundi zimefungamana. Katika mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, sokwe amemteka mwanamke na mchezaji anapanda ngazi kumwokoa. Miaka minne baadaye, katika Super Mario Bros., mchezaji anamaliza ngome saba, na kila mara anaambiwa kwamba binti mfalme yuko katika ngome nyingine. Anayesoma fasihi peke yake ataona hapo motifu ya kale ya binti aliyetekwa na kusonga mbele. Lakini mchezo ule mzima ulikaa ndani ya takriban kilobaiti 40, na kumwahirisha binti mfalme mara saba ni njia ya bei nafuu kabisa ya kuyapa maana mapya mazingira yaleyale yanayojirudia. Vivyo hivyo shujaa asiyesema neno, aliyezoeleka tangu Dragon Quest ya 1986: katika riwaya angekuwa bubu, ilhali katika mchezo ukimya wake ni nafasi aliyoachiwa mchezaji ajaze sauti yake. Makala za TV Tropes kuhusu mambo kama haya, kama vile ukuta usioonekana mwisho wa ramani, au mtu unayemsindikiza ambaye mwendo wake ni wa kasi kuliko kutembea kwako na wa polepole kuliko kukimbia kwako, zimeandikwa na watu waliohangaika kwa vidole vyao wenyewe. Nidhamu yao ni ya watu wanaojua kazi.

Udhaifu mkubwa uko katika mifano. Tovuti haina sharti la umaarufu: karibu kazi yoyote iliyotolewa kwa umma ina haki ya ukurasa, awe mwandishi wake amepata tuzo au ni mwanafunzi aliyeiweka mtandaoni jana. Nauunga mkono usawa huo. Shida ni kwamba mfano mmoja haupimwi dhidi ya mwingine, na makala iliyoanza kwa maelezo mazuri ya aya tatu hufuatwa na orodha ndefu ambamo mfano unaoeleza kitu kikubwa umebanwa kati ya mifano inayosema tu kwamba jambo hili limo pia katika kipindi fulani. Waliofanya Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya wataitambua tabia hiyo, kwa sababu ndivyo wengi tulivyozoea kujibu: hii ni taharuki, hii ni sadfa, hii ni mbinu rejeshi, ukurasa wa kadha wa kadha. Alama zilipatikana, na riwaya ikabaki bila kuulizwa kwa nini sadfa ile ilihitajika pale.

Ili kuipima huduma kwa kitu cha kwetu, niliichukulia hadithi ya Sultani Darai, iliyochapwa London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa ngano za Zanzibar wa Edward Steere. Maskini mmoja anayechakura jaani anaokota thumuni, ananunua paa, na paa yule anasema. Paa anaokota almasi na kuipeleka kwa sultani kwa niaba ya bwana wake, anamposea binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kuitwaa nyumba yake, na bwana anakuwa tajiri. Kisha paa anaugua. Bwana, aliyekuwa hana chochote, anamdharau, anaamuru apikiwe uji wa mtama usio na thamani, na paa anapokufa anatupwa kisimani. Kisha usiku mmoja mke anajikuta nyumbani kwa baba yake, naye bwana yuko jaani, anachakura. Shukrani ya punda ni mateke, na hapa aliyepiga mateke ni mtu.

TV Tropes ina majina ya vipande vyote: mnyama anayesema, mtu asiye na fadhila, safari ya kutoka umaskini hadi utajiri na safari ya kurudi. Ukiviweka pamoja unapata orodha sahihi ambayo hata hivyo haisemi hadithi inakusudia nini, kwa kuwa kila kipande kimefunguliwa ukurasa wake, na mpangilio wa vipande, ambao ndio hadithi, hauna mahali. Mshindani wake wa zamani, orodha ya kimataifa ya aina za ngano iliyoanzishwa na Antti Aarne wa Finland mwaka 1910, ikapanuliwa na Stith Thompson wa Marekani mwaka 1928 na 1961, na kusahihishwa na Hans-Jörg Uther wa Ujerumani mwaka 2004, inafanya kinyume: inaichukua hadithi nzima na kuipa namba. Sultani Darai inaangukia katika kundi la namba 545, ambamo 545B ni paka aliyevaa viatu. Namba haina mzaha wala haichezi, na ukavu wake humfukuza msomaji wa kawaida. Lakini inakufungulia mlango ambao TV Tropes haiufungui, yaani ukoo wa hadithi yenyewe.

Ukiingia humo unagundua jambo la kupendeza. Katika toleo la Kifaransa la Charles Perrault la mwaka 1697, ambalo ndilo maarufu, paka anaishia kuwa bwana mkubwa anayewinda panya kwa kujifurahisha tu, na hakuna anayeulizwa kuhusu shukrani. Katika toleo la Giambattista Basile wa Napoli, lililochapwa miongo sita hivi kabla ya hapo, paka anajifanya amekufa ili amjaribu bwana wake, naye bwana anaagiza atupwe dirishani. Paa wa Zanzibar ni ndugu wa paka wa Napoli kuliko wa paka wa Paris, lakini anazidi hata huyo wa Napoli: yule aliinuka, akamtukana bwana wake, akaondoka, na utajiri ukabaki pale pale. Kwetu utajiri unaondoka pamoja na mfadhili, kana kwamba haukuwahi kuwa mali ya bwana hata siku moja. Majina ya TV Tropes hayakunifikisha hapo, na namba ya Aarne, Thompson na Uther ilinifikisha mlangoni tu. Ndani ilibidi kusoma matoleo yenyewe.

Pengo la kazi zetu katika tovuti ni kubwa, na si la kushangaza, kwani wachangiaji huandika wanachokitazama na mizani imeelemea Marekani, Uingereza na Japani. Hilo lina hasara kwa maarifa yenyewe, si kwa fahari yetu peke yake. Filamu nyingi za Bongo za miaka ya 2000 ziliuzwa kwa diski mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na kwa hiyo kisa kililazimika kukatwa katikati mahali ambapo mnunuzi asingeweza kulala bila kuitafuta sehemu ya pili. Hiyo ni mbinu iliyozaliwa na biashara ya mtaani, kama ilivyo ile ya binti mfalme aliyezaliwa na ufinyu wa kilobaiti, na inastahili jina na maelezo. Vivyo hivyo mfanyakazi wa ndani anayeishia kuolewa na mwenye nyumba, na mganga ambaye dawa yake inamgeukia mteja. Watazamaji wetu wanayajua haya kwa moyo. Hayajaandikwa tu mahali ambapo mtunzi wa kesho anaweza kuyakuta yamepangwa.

Kwa matumizi ya kila siku, jambo linaloudhi zaidi ni utafutaji. Usipojua jina la Kiingereza la mbinu, sanduku la kutafutia halikusaidii, na ndiyo maana tovuti ina sehemu maalumu ambako mtu anaeleza jambo kwa maneno yake na wachangiaji wanamtajia jina. Sehemu hiyo inafanya kazi vizuri, na mara nyingi ni njia ya haraka kuliko kuhangaika mwenyewe. Kwa mtunzi wa michezo ningemshauri aanze na makala za michezo na asihangaike na mengine. Kwa mwandishi wa riwaya, kurasa za namna mbinu inavyochezewa zina faida kuliko orodha zote za mifano. Kwa mwalimu wa fasihi, ni chombo kizuri cha kuchokoza mjadala darasani, mradi wanafunzi wasikitumie kama kitabu cha majibu.

Anayefikiria kuchangia ngano za pwani azingatie kwanza suala la leseni. Hadi mwaka 2012 makala za TV Tropes zilikuwa chini ya leseni huria iliyoruhusu hata matumizi ya kibiashara kwa sharti la kumtaja mwandishi na kuendeleza leseni ileile. Mwaka huo likaongezwa sharti la kuzuia biashara, na baadhi ya wachangiaji, ambao walikuwa na malalamiko mengine pia, walichukua nakala ya makala za awali wakaanzisha tovuti nyingine iitwayo All The Tropes, iliyobaki na leseni ya zamani. Hiyo ya pili ina wasomaji wachache na makala zake nyingi hazijasogea sana. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka maelezo yake ya Sultani Darai yaje kutumika katika kitabu cha shule kitakachouzwa, ndiko ningempeleka, kwa sababu matini ya Steere ya 1870 ni mali ya umma, na haitakuwa busara kuyafunga maelezo wakati hadithi yenyewe iko huru.